Lokole na Sauti Isiyoliwa na Hewa

Mwezi wa Januari 1877, Henry Morton Stanley alipokuwa akiteremka na mto Kongo na kuyapita maporomoko ya Boyoma, habari zake zilimtangulia. Kabla mitumbwi yake haijaikata kona, milio ya magogo ilikwisha kupita juu ya maji na watu wa vijiji vya mbele walikuwa wamekwisha kujipanga. Magogo hayo ndiyo lokole, na hakuna waliosifika kwa kuyazungumzisha kuliko Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mtoni ambao vijiji vyao vimeufuata ukingo chini ya Kisangani, kupita Yakusu hadi pande za Isangi. Tangu wakati huo wageni walioshangazwa na lokole wamekuwa wakitoa maelezo mawili yaleyale: kwamba chombo kina kishindo, na kwamba msitu ni kimya. Yote mawili hayatoshi. Msitu wa Tshopo haujawahi kuwa kimya, hasa usiku, vyura na nyenje wanapoamka. Na kishindo peke yake, kama tutakavyoona, hakifiki mbali. Ninavyoona mimi, lokole ilifika mbali kwa sababu wenyewe waliitupa ile sehemu ya lugha ambayo hewa ingeila njiani, wakabaki na ile ambayo hewa huiacha ipite. Ili kulithibitisha hilo hatuna budi kuanza na hewa yenyewe.

Sauti ni mtetemo. Mdomo wa gogo unapopigwa hucheza, huenda mbele ukarudi nyuma mamia ya mara kwa sekunde moja. Unapokwenda mbele huibana hewa iliyo jirani. Unaporudi huiachia nafasi. Hewa iliyobanwa huisukuma hewa ya pili, ya pili huisukuma ya tatu, na msukumo huo hupokezanwa hadi kwenye ngoma ya sikio la msikilizaji. Fikiria foleni ndefu ya watu waliobanana: wa nyuma akisukumwa, msukumo unafika mbele hali kila mtu amebaki pale pale alipokuwa. Kinachosafiri kutoka Yakusu si hewa ya Yakusu, ni msukumo tu. Pasipo hewa hakuna wa kusukumwa, na jambo hilo Robert Boyle alilichapisha Uingereza mwaka 1660, baada ya kuifyonza hewa kwenye chupa yenye saa ndani yake na kukuta mlio unafifia kadiri hewa inavyopungua.

Mwendo wa msukumo huo unategemea joto. Hewa ya nyuzi 0 huupitisha kwa mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi moja ya joto huongeza karibu mita 0.6. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na wastani wa joto lake ni nyuzi 25 hivi. Kwa hiyo hapo sauti hukimbia mita 346 kwa sekunde, au kilomita moja kwa chini kidogo ya sekunde 3. Umbali wa Yakusu mpaka mjini, unaokaribia kilomita 20, sauti ingeumaliza kwa muda usiofika dakika moja, wakati mtumbwi unaopanda mto kwa kasia ungehitaji saa nyingi. Kuna jambo jingine ambalo watu hulipita bila kulitazama: hewa hupitisha milio mizito na milio myembamba kwa mwendo uleule. Lau mlio mzito ungetangulia na mwembamba ukachelewa, ujumbe wa lokole ungefika umevurugika, wa mwisho mbele na wa kwanza nyuma, na lugha nzima ya magogo isingeweza kuwapo. Hata sisi tunaosikiliza kwaya kutoka nje ya kanisa tusingesikia ila fujo.

Sasa tuje kwenye kishindo. Sauti ikitoka kwenye chanzo chake hutawanyika kila upande, na kadiri inavyokwenda ndivyo nguvu ileile inavyogawanywa kwenye eneo kubwa zaidi. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayofika sikioni hubaki robo. Msikilizaji aliye mita 1 kutoka kwenye gogo na yule aliye kilomita 8 wametofautiana kwa kiasi cha kutisha: wa pili anapata sehemu moja ya milioni 64 ya kile anachopata wa kwanza. Hesabu hii haimpendelei mwenye misuli. Mpigaji akiongeza nguvu maradufu, umbali wake hauongezeki maradufu. Hata kwa hesabu ya kutawanyika peke yake unaongezeka kwa chini ya nusu. Na tukitaka ushahidi wa wazi kwamba ukubwa wa sauti si kila kitu, tuitazame radi, ambayo watu wa Kisangani wanaifahamu kuliko wengi duniani. Hakuna gogo lenye kishindo cha radi. Hata hivyo ngurumo ni nadra kusikika zaidi ya kilomita 25 hivi, ilhali mmweko wa umeme uleule huonekana usiku kutoka mbali zaidi ya hapo. Ikiwa radi yenyewe inakwama, lokole imewezaje kutegemewa kila siku, kwa jambo dogo na kubwa, kwenye umbali wa kilomita sita, nane, wakati mwingine kumi?

Jibu la kwanza liko kwenye ulaji wa hewa. Mbali ya kuitawanya sauti, hewa huila: sehemu ya mtetemo hugeuka joto dogo lisilohisika na kupotea. Lakini haili milio yote sawa. Kwenye hewa yenye joto na unyevu kama ya Kisangani, mlio wa mitetemo 250 kwa sekunde hupoteza karibu desibeli 1 kwa kilomita, yaani katika sehemu tano za nguvu yake nne hubaki. Mlio wa mitetemo 1,000 hupoteza kati ya desibeli 5 na 7. Mlio wa mitetemo 4,000 hupoteza zaidi ya desibeli 20 kwa kilomita hiyohiyo, na hapo kinachobaki ni kama sehemu moja ya 200. Katika kilomita ya pili hiyo sehemu moja nayo hukatwa mara 200. Ifikapo ya tatu hakuna cha kusikilizwa. Unyevu, kwa njia, ni rafiki hapa: watu wengi hudhani hewa nzito ya bondeni huzima sauti, kumbe hewa kavu ya jangwani ndiyo inayoimaliza milio myembamba upesi zaidi.

Tuipeleke hesabu hiyo kwenye maneno. Mtu anapozungumza, sauti ya koo ni nzito, mitetemo 100 hadi 250 hivi kwa sekunde, lakini kinachotofautisha neno na neno ni konsonanti, na konsonanti kama s, f, t na ch huishi kwenye milio myembamba, mitetemo elfu mbili, elfu nne na kupanda. Ndiyo maana anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto husikia kwamba anaitwa, hutambua hata kiimbo cha hasira au cha furaha, lakini hapati neno. Hewa imekula konsonanti, ikaacha kupanda na kushuka kwa sauti. Sasa Kikele, lugha ya Walokele, ni lugha ya toni. Kila silabi ina kimo chake, cha juu au cha chini, na kimo hicho hubeba maana. Maneno mawili, *alambaka boili*, yakitamkwa kwa mpangilio mmoja wa vimo husema kwamba mtu aliuangalia ukingo wa mto. Vimo vikibadilika, mtu huyohuyo amemchemsha mama mkwe wake. Katika lugha ya namna hiyo, konsonanti zote zikiliwa bado kuna kitu kilichobaki chenye maana. Na hicho ndicho lokole inachokipiga.

Ukiitazama lokole kwa karibu utaona imechongwa kwa kazi hiyo tu. Haina ngozi. Ni kipande cha gogo, mara nyingi la mti mwekundu na mgumu ambao wafanyabiashara wa mbao huuita padouk, kilichochimbwa ndani kupitia mwanya mrefu na mwembamba uliokatwa juu yake. Fundi hupitisha chombo chake kwenye mwanya huo na kuchimba upande mmoja kuliko mwingine, hata midomo miwili ya mwanya ikawa na unene tofauti. Mdomo mmoja hutoa mlio wa juu, wa pili mlio wa chini, na uwazi wa ndani huikuza milio hiyo. Kazi ni ya kupigapiga na kusikiliza, kuchimba kidogo na kusikiliza tena, kwa kuwa mbao iliyokwisha kutolewa hairudi. Kisha kuna fimbo. Zimevishwa mpira wa porini kwenye ncha, na hili ndilo jambo ninalolihesabu kuwa ushahidi mzito kuliko yote. Fimbo tupu ikigonga mbao ngumu hutoa mlio mkali unaoumiza sikio la aliye karibu, na ukali huo ni milio myembamba ambayo hewa itaimaliza kabla ya kilomita ya tatu. Mpira huulainisha mguso wa pigo na kuielekeza nguvu ya mkono kwenye mlio mzito. Anayetaka kishindo havishi fimbo yake mpira. Anayetaka kufika mbali huvisha.

Mtu anaweza kuuliza: kama milio mizito ndiyo inayofika, na koo la binadamu lina mlio mzito, kwa nini tusipige kelele tu kwa sauti nene? Tatizo ni ukubwa wa chombo. Wimbi la mitetemo 250 kwa sekunde lina urefu wa mita 1.4, na la mitetemo 125 karibu mita 2.8. Kitu kidogo kuliko wimbi lake hakiwezi kuisukuma hewa vizuri. Hewa hukikwepa pembeni badala ya kubanwa. Kinywa cha mtu ni sentimita chache. Gogo lenye urefu wa mita moja au zaidi linakaribia ukubwa wa wimbi lenyewe, na kwa hiyo hulikabidhi hewani kwa hasara ndogo. Wenye nganda, yaani baa, mjini wanalijua hili bila kulisoma: spika ya besi ni kubwa, na jirani aliye mitaa mitatu mbali hasikii maneno ya wimbo wala gitaa, anasikia besi tu hadi alfajiri.

Kuitupa konsonanti, hata hivyo, kuna gharama yake, na gharama hiyo ililipwa upande wa lugha. John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Kibatisti aliyefika Yakusu mwaka 1938 na kujifunza kupiga, aliieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1949, *Talking Drums of Africa*. Kwa Kikele mwezi ni *songe* na kuku ni *koko*. Yote mawili yana vimo viwili vya juu, na juu ya gogo hayana tofauti hata chembe. Kwa hiyo mpigaji hapigi neno peke yake. Mwezi hupewa maneno ya kuuelezea kwamba unaitazama ardhi kutoka juu. Kuku huelezwa kuwa ni yule mdogo aliaye kiokio. Vimo vya mafungu hayo marefu havifanani tena, na msikilizaji hutambua. Carrington alikadiria kwamba neno moja la mdomoni lilihitaji kama maneno manane ya gogo. Wasomaji wa Ulaya waliona maneno hayo kuwa ni mapambo ya Kiafrika, ushairi wa kupoteza wakati. Si mapambo. Ni bima: hewa ikila pigo moja, au chura akililia juu yake, yaliyobaki yanatosha kuukamilisha ujumbe. Wahandisi wa simu na redio walifika kwenye kanuni hiyohiyo katika karne ya 20, kwa hesabu nyingi.

Sasa pingamizi kubwa. Kila anayeujua mto atasema kwamba lokole husikika mbali zaidi jioni na usiku, na kwamba sababu ni utulivu, basi fizikia yangu yote ya milio mizito ni kuzunguka mbuyu. Utulivu unasaidia, sikatai. Sauti ndogo husikika pale tu ambapo hakuna kubwa ya kuifunika, na nadhani si bahati kwamba lugha ya magogo ilistawi kwa Walokele, kwenye maji yanayokwenda taratibu, badala ya pale wavuvi Wagenia wanapotega mitego yao katikati ya mngurumo wa maporomoko. Lakini utulivu haumalizi habari. Wengine huongeza kwamba usiku hewa ni baridi na sauti hukimbia vizuri. Hili ni kinyume cha ukweli. Saa nane mchana, kwa nyuzi 32, sauti hukimbia mita 350 kwa sekunde. Alfajiri, kwa nyuzi 20, hukimbia mita 343. Usiku sauti inakwenda polepole na bado inafika mbali zaidi. Kilichobadilika ni njia yake.

Mchana wa jua kali, ardhi huchomeka na kuipasha joto hewa inayoigusa, na hewa ya juu hubaki na ubaridi. Wimbi la sauti ni pana na refu kwenda juu. Sehemu yake ya chini, iliyo kwenye hewa ya moto, hukimbia kuliko sehemu ya juu, na wimbi zima hulala nyuma na kuelekea mbinguni. Baada ya umbali fulani msikilizaji aliye chini anakosa sauti kwa sababu imempita juu ya kichwa, na kuongeza nguvu ya pigo hakumsaidii kitu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya radi kushindwa kufika mbali. Jua likizama mambo hugeuka: ardhi hupoa kwanza, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa ikitorokea angani inapindwa kurudi chini. Upepo nao hufanya kazi ya namna hiyo. Watu husema upepo umebeba sauti, lakini upepo wa mita 3 kwa sekunde si kitu mbele ya mwendo wa mita 346. Unachofanya ni kuipinda, kwa kuwa huvuma kwa kasi zaidi juu kuliko chini. Aliye upande unakoelekea upepo hushushiwa sauti, aliye upande unakotoka hupandishiwa na kunyimwa.

Mto unaongeza msaada wake. Msitu hula sauti kwa majani na udongo laini, lakini uso wa maji hurudisha karibu sauti yote inayoufikia. Kinachozama ni kama sehemu moja katika elfu. Tena jioni maji ni baridi kuliko hewa iliyoachwa na jua, na hewa inayoyagusa hupoa, hivyo sauti hubanwa ifuate mto. Sitaki kuupamba mto kupita kiasi. Alfajiri maji huweza kuwa na joto kuliko hewa, ndiyo maana ukungu hupanda juu yake, na saa hiyo tabaka la chini kabisa halisaidii kama jioni. Inayosaidia wakati huo ni hewa iliyotulia, isiyovurugwa na mikondo ya joto inayoyumbisha wimbi mchana.

Itasemwa kwamba mafundi wa gogo hawakuwa na kipimajoto wala desibeli, na kwamba ninawavisha elimu ambayo si yao. Sidai walikuwa na hesabu hizi. Nadai walikuwa na matokeo yake, na hayo yanahesabika: mpira kwenye fimbo, gogo la ukubwa wa wimbi, vijiji vilivyofuata maji, saa za jioni kwa habari za mbali, mafungu marefu badala ya neno tupu. Jambo moja kati ya hayo lingeweza kuwa bahati. Matano yakielekea upande mmoja, mwenye kudai bahati ndiye anayedaiwa maelezo. Na kwamba hewa hupendelea milio mizito dunia ilipata kuthibitishiwa kwa ukatili mwezi Agosti 1883, miezi michache kabla Stanley hajafungua kituo chake penye maporomoko. Mlima Krakatoa wa Indonesia ulipolipuka, mlio ulisikika kama mizinga kwenye kisiwa cha Rodrigues katika Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800, saa nne baadaye, na msukumo wake mzito kabisa, usiosikika kwa sikio, ulionekana kwenye vipimahewa dunia nzima.

Kiswahili chetu hakina toni, kwa hiyo gogo haliwezi kukizungumza kama linavyozungumza Kikele, na simu imeondoa haja ya kupokezana habari kijiji hadi kijiji. Tangu siku za Carrington vijana wa shule walikuwa wamekwisha kuanza kuiacha sanaa hii. Kuirudisha kama chombo cha habari ni ndoto. Lakini shule za Kisangani zinazofundisha sauti kwa michoro ya ubaoni, pasipo kifaa hata kimoja, zina maabara inayolala nje ya dirisha. Walimu wa fizikia wakaombe lokole kwa wazee wanaoijua, wapime umbali kwenye ukingo ulionyooka, mwanafunzi mmoja ainue kitambaa kila apigapo, mwingine ashike saa ya simu. Kwenye mita 700, kati ya kitambaa na mlio, saa itaonyesha sekunde 2, kwa mdomo wa juu na kwa mdomo wa chini sawasawa.